Mwongozo wa Kuitazama na Kuifumua His Girl Friday, Filamu ya Vichekesho vya Chumba cha Habari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutunga filamu au mchezo wa kuigiza wa kuchekesha kuhusu maisha ya chumba cha habari, na kwa mwalimu wa uandishi wa habari au wa sanaa za maonyesho anayetafuta kazi moja ya kufundishia ambayo haitawasinzisha wanafunzi wake. Kazi yenyewe ni His Girl Friday, filamu ya Marekani iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa na kampuni ya Columbia mnamo Januari 1940, yenye urefu wa dakika 92. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa: karibu hakuna mtu ndani yake anayejaribu kuchekesha. Kila mhusika yuko katika shughuli yake ya dhati, ana haraka, na anamkatiza mwenzake kwa kuwa anaamini ana jambo zito zaidi la kusema. Kicheko tunakitoa sisi tunaotazama. Mtunzi akiliona hilo likitendeka, sekunde baada ya sekunde, ataacha kuwapa wahusika wake vichekesho vya kusema na ataanza kuwapa kazi ya kufanya.

Vifaa ni vichache. Andaa daftari, kalamu za rangi mbili, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mtu mmoja au wawili wa kusoma nao mazungumzo kwa sauti. Utaitazama filamu nzima mara mbili, kisha utarudia vipande vifupi vifupi, kwa hiyo usijaribu kuimaliza kazi hii kwa jioni moja.

Hatua ya kwanza: Pata nakala inayosikika

Hakimiliki ya filamu hii nchini Marekani haikuhuishwa mwaka 1968 kama sheria ya wakati ule ilivyotaka, na matokeo yake kwa miaka mingi imenakiliwa na kila aliyetaka kuinakili. Nyingi ya nakala hizo zimechujuka picha, na baya zaidi, sauti yake imefifia kiasi kwamba watu watatu wakisema kwa pamoja unasikia mvumo tu. Katika filamu nyingine ungeweza kuvumilia, lakini hapa sauti ndiyo filamu yenyewe. Kabla ya kujiridhisha na nakala uliyoipata, nenda moja kwa moja kwenye tukio la mgahawani, ambako Walter, Hildy na Bruce wamekaa mezani kwa chakula cha mchana. Ikiwa unaweza kutenganisha sauti ya kila mmoja wao bila kuongeza sauti hadi mwisho, nakala hiyo inafaa. Ikiwa huwezi, tafuta nyingine. Zipo nakala zilizosafishwa upya, mojawapo ikiwa ile iliyotolewa na kampuni ya Criterion mwaka 2017.

Kuhusu lugha, chagua nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, hata kama ni ya Kiingereza, maana wahusika wanasema haraka kuliko jicho la mtu asiyezoea linavyoweza kusoma midomo. Wengi wetu tulikulia kwenye vibanda vya video, ambako sauti za kina Lufufu na DJ Afro zilitufasiria kila kitu na kutuongezea mengine ambayo mwongozaji hakuyawaza. Ni sanaa ninayoipenda, lakini kwa filamu hii haifai, kwa kuwa msimulizi mmoja akiwasemea watu wote sita, kile ulichokuja kujifunza kitakuwa kimezimwa. Iwapo unakusudia kuionyesha hadharani badala ya darasani, waulize kwanza wasimamizi wa filamu katika nchi yako utaratibu wa kibali.

Hatua ya pili: Jua ilikotoka

Si lazima usome historia ndefu, lakini mambo machache yatakuokoa na maswali baadaye. Filamu inatokana na tamthilia iitwayo The Front Page, iliyoanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwezi Agosti 1928. Waandishi wake, Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili walikuwa wameripoti katika magazeti ya Chicago kabla ya kuhamia kwenye utunzi, na walichofanya ni kukichukua chumba walichokijua, yaani chumba cha waandishi wa habari katika jengo la mahakama ya jinai la mji huo, na kukiweka jukwaani pamoja na moshi wake, karata zake na simu zake. Mhariri Walter Burns alichongwa kutokana na mhariri halisi wa Chicago aliyeitwa Walter Howey, na hata jina la Hildy Johnson lilitoka kwa mwandishi halisi, Hilding Johnson. Mwaka 1931 Lewis Milestone aliigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu kwa mara ya kwanza, Adolphe Menjou akiwa Walter na Pat O'Brien akiwa Hildy.

Katika matoleo hayo yote mawili Hildy ni mwanamume anayetaka kuacha kazi ili aoe, na mhariri wake anafanya kila hila kumzuia. Hawks, akiwa na muswada ulioandikwa na Charles Lederer, alimgeuza Hildy kuwa mwanamke, akampa Rosalind Russell nafasi hiyo, kisha akaongeza kwamba Hildy na Walter, anayeigizwa na Cary Grant, walikuwa mke na mume na wameachana miezi michache tu iliyopita. Hebu pima uzito wa badiliko hilo. Zamani mhariri alikuwa anapigania mfanyakazi. Sasa anapigania mfanyakazi na mtalaka wake kwa pigo moja, na wala haijulikani kama yeye mwenyewe anajua anampigania yupi. Kila sentensi anayoisema kuhusu habari inaweza kuwa ya mapenzi, na kila sentensi ya mapenzi inaweza kuwa hila ya kupata habari. Andika hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu ndilo linaloifanya filamu ya 1940 iwe hai kuliko ile ya 1931, ingawa matukio yake mengi ni yale yale.

Hatua ya tatu: Tazama mara ya kwanza bila kalamu

Itazame filamu yote mfululizo, usisimamishe, usiandike. Usipolishika neno, liache lipite. Ni vizuri tu uwe unajua wahusika: Hildy anakuja ofisini kwa Walter, katika gazeti liitwalo Morning Post, kumwambia kwamba kesho anaolewa na Bruce Baldwin, wakala wa bima kutoka Albany, ambaye anaigizwa na Ralph Bellamy, na upande wa pili wa mji Earl Williams, karani wa hesabu aliyepoteza kazi na kumpiga risasi polisi, anangoja kunyongwa alfajiri inayofuata, huku meya na mkuu wa polisi wa wilaya wakitaka anyongwe haraka kwa kuwa uchaguzi umebaki siku chache na wanazihitaji kura za Weusi, ambao polisi aliyeuawa alikuwa mmoja wao.

Filamu inafunguliwa kwa maandishi yanayodai, kwa uso mkavu kabisa, kwamba haya yalitokea katika zama za giza za uandishi wa habari, na kwamba hayafanani hata kidogo na waandishi wa leo. Ukiwa umewahi kufanya kazi gazetini utaanza kucheka hapo hapo.

Hatua ya nne: Chora ramani ya matakwa na saa

Sasa rudia filamu ukiwa na daftari. Gawa ukurasa katika safu tatu: mhusika, anachokitaka, na saa ambayo lazima awe amekipata. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watunzi wengi chipukizi wanaisahau. Hildy anataka kupanda treni ya saa kumi jioni kwenda Albany. Treni hiyo inampita, anasema ataondoka na ya saa kumi na mbili, nayo inampita, kisha inatajwa ya saa tatu usiku. Bruce anamtaka Hildy, akiwa na mama yake aliyekuja kuwasindikiza. Walter anataka Hildy aandike mahojiano ya mwisho na Williams kabla gazeti halijaenda mitamboni. Mkuu wa polisi anataka kunyonga saa moja asubuhi. Meya anataka ushindi wa uchaguzi. Mjumbe wa gavana, Bwana Pettibone, amebeba karatasi ya kumnusuru Williams na hataki lolote ila kumkabidhi mkuu wa polisi, na kwa sababu hana haraka kabisa katika nyumba ya watu wenye haraka, kila anapotokea mlangoni watazamaji wanaangua kicheko kabla hajasema neno.

Chunguza jinsi saa hizo zinavyogongana. Mfano ulio wazi kuliko yote, na wa kutisha, ni pale waandishi wa chumba cha mahakama wanapomwomba mkuu wa polisi amnyonge Williams saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja asubuhi, ili habari iwahi toleo la mjini. Hawatanii. Wanazungumzia ratiba ya mtambo kama mchuuzi wa samaki anavyozungumzia saa ya mnada. Nje ya dirisha mti wa kunyongea unajaribiwa, mlio wake unaingia chumbani, nao wanaendelea na karata zao. Simamisha picha hapo ujiulize ni neno gani katika maombi yao limetungwa ili lichekeshe. Hutalipata. Kicheko, na ule ubaridi unaokifuata, vinatoka katika umbali uliopo kati ya jambo lenyewe na namna wanavyolizungumzia.

Chini ya ramani hiyo ongeza orodha fupi ya vitu vinavyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kimojawapo ni hundi. Hildy anakubali kuandika mahojiano kwa sharti kwamba Walter akate bima ya maisha ya dola 100,000 kupitia kwa Bruce, ili wachumba wawe na kamisheni ya kuanzia maisha. Bima inakatwa, Walter anapimwa na daktari pale pale ofisini, hundi iliyothibitishwa inatolewa, na Hildy, anayemjua mtalaka wake vizuri, anampigia Bruce simu na kumwambia aifiche hundi ndani ya bitana ya kofia yake, akidai kwamba ni imani ya zamani ya watu wa magazeti. Tangu hapo, kila mara Bruce anapovua au kuvaa kofia, sisi tunaangalia kofia. Ona jinsi kitu kidogo kilivyofanya kazi ya mazungumzo ya dakika nzima: kimetuonyesha kwamba Hildy hamwamini Walter, kwamba Bruce ni mtiifu kupita kiasi, na kwamba hila inakuja, ila haitakuja kule inakotegemewa. Na kweli hila zinakuja kwa mlango mwingine, Bruce anakamatwa na polisi mara moja kwa tuhuma ya kuiba saa, mara nyingine kwa tuhuma ya kumbughudhi mwanamke barabarani, mara ya tatu kwa fedha bandia, zote zikiwa zimepangwa na Walter kupitia kwa mtu wake wa mtaani, Louie.

Hatua ya tano: Sikiliza jinsi wanavyokatizana

Hii ndiyo hatua itakayokula muda wako mwingi, nawe usiibane. Chagua dakika mbili za mazungumzo ya kwanza kati ya Hildy na Walter, ofisini kwake, na uyaandike yote kama yalivyo. Ukisha kuyaandika, cheza tena kipande hicho na kwa kalamu ya rangi ya pili uweke mkwaju, yaani alama hii /, mahali ambapo sauti ya mtu wa pili inaingia kabla ya wa kwanza kumaliza. Utagundua kwamba maneno yaliyofunikwa karibu kila mara ni maneno yasiyo na mzigo. Hawks mwenyewe aliieleza mbinu hiyo: sentensi iliongezewa maneno ya ziada mwanzoni na mwishoni, ili pale zinapopandana, kinachopotea kiwe maganda na punje ibaki inasikika. Hivyo mtazamaji anaamini kwamba amesikia watu wawili wakisema kwa wakati mmoja, ilhali hajakosa hata jambo moja analohitaji. Fikiria pia kwamba wakati ule sauti haikuweza kurekodiwa katika njia nyingi na kuchanganywa baadaye kama leo, kwa hiyo fundi wa sauti alilazimika kufungua na kufunga vipaza sauti papo hapo kadiri wahusika walivyosema.

Mtunzi wa Kiswahili akiichukua mbinu hii kama ilivyo atakwama, na ni bora ajue mapema kwa nini. Kitenzi chetu kinabeba mambo makubwa kichwani: nani ametenda, lini, na kama ametenda au hakutenda. Mhusika akisema "sikumwambia" na mwenzake akafunika silabi ya kwanza, mtazamaji atabaki na tendo bila kujua kama lilitendeka. Kwa hiyo mto wa maneno ya ziada uwekwe zaidi mwanzoni mwa kauli kuliko mwisho. Lugha yetu imejaa mito ya namna hiyo, na watu wanaitumia kila siku wanapogombania zamu ya kusema: "sasa sikiliza, kaka", "hivi kweli jamani", "ngoja kwanza, ngoja", "mimi ninachosema ni kimoja tu". Zote zinaweza kufunikwa bila hasara. Katika miswada ya wanafunzi niliyowahi kuisoma, mazungumzo ya kasi huwa yanaandikwa kwa sentensi fupi fupi zilizokatwa, kana kwamba kasi ni ufupi. Rudi kwenye dakika zako mbili uhesabu: sentensi nyingi za Walter ni ndefu, na kasi inatokana na kutoachiana nafasi ya kupumua.

Baada ya kuyachora mazungumzo, yasome pamoja na mwenzako, mkipima kwa saa. Msipunguze kasi mnapokosea. Lengo si kuigiza vizuri, bali kinywa kijue ni wapi panakatika.

Mahali pachache filamu inavunja kwa makusudi kanuni yake ya kutofanya utani, nawe upaweke alama. Walter, akimweleza mtu sura ya Bruce, anasema anafanana na yule mwigizaji, Ralph Bellamy, ambaye ndiye hasa anayemwigiza Bruce. Baadaye, akitishwa, anamtaja mtu aitwaye Archie Leach aliyewahi kumtisha hivyo hivyo wiki moja kabla ya kujikata koo, na Archie Leach ndilo jina alilozaliwa nalo Cary Grant. Ni mizaha michache tu ya kumkonyeza mtazamaji katika dakika 92, na imepita haraka. Mwigaji angeitia kumi.

Hatua ya sita: Fuatilia simu

Chumba cha waandishi mahakamani kina meza moja kubwa na simu nyingi, na sehemu kubwa ya filamu inatokea humo. Kwa mtunzi asiye na fedha za kutengeneza filamu hii ni habari njema: ukitoa ofisi ya gazeti, mgahawa, jela na ofisi ya mkuu wa polisi, karibu kila kitu kiko katika chumba kimoja chenye dawati la mfuniko wa kukunja, dirisha, na milango inayofunguka kwa kishindo. Simu ndizo zinazouingiza mji mzima chumbani.

Chagua tukio la kukamatwa kwa Williams, aliyekuwa amefichwa ndani ya dawati la mwandishi mpenda usafi, Bensinger. Waandishi wote wameyaona yaliyotokea, kwa macho yao, wakiwa hatua chache tu. Kila mmoja ananyakua simu yake. Mmoja anaripoti kwamba Williams alijaribu kupambana kwa risasi, mwingine kwamba ilibidi polisi wamshinde kwa nguvu baada ya mapambano makali, na mwingine kwamba alikutwa amepoteza fahamu. Ziandike ripoti hizo moja chini ya nyingine. Mwalimu wa uandishi wa habari anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hapo hapo: waandike habari ya kweli ya tukio hilo kwa aya tatu, kisha walinganishe. Sijaona somo la kuthibitisha taarifa linaloingia haraka kuliko hili.

Kisha nenda kwenye tukio ambamo Hildy anapiga chapa habari yake huku Walter akiwa kwenye simu na Duffy, msaidizi wake gazetini, akiufumua ukurasa wa mbele. Vita vya Ulaya viondolewe. Hitler apelekwe kwenye ukurasa wa katuni. Tetemeko la ardhi la China litupwe, hata wakiwa wamekufa milioni. Halafu inatajwa habari ya jogoo, na Walter anasema hapana, hiyo iachwe, hiyo inagusa watu. Filamu ilitoka vita vikiwa na miezi michache tu, na bado ilithubutu. Usiishie kucheka, angalia kwamba Walter anafanya kazi halisi ya mhariri, kupanga uzito wa habari, na anaifanya kwa ustadi. Upuuzi wake unatokana na kipimo anachokitumia, kwamba habari yake mwenyewe ni kubwa kuliko dunia yote.

Dakika chache baadaye anasoma alichoandika Hildy na kuuliza kwa nini gazeti halijatajwa katika aya ya kwanza. Hildy anamjibu kwamba limo katika aya ya pili. Walter anamuuliza ni nani atakayeisoma aya ya pili. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye dawati la habari amelisikia swali hilo kwa namna moja au nyingine, na limetolewa hapa katikati ya kumficha mfungwa anayetafutwa, huku mchumba wa mwandishi akiita pembeni bila mtu kumsikia.

Hatua ya saba: Tafuta mahali sauti inaposhuka

Kasi isiyopumzika huchosha, na Hawks alilijua hilo. Tazama mahojiano ya Hildy na Williams jelani. Kamera inatazama kutoka juu, sauti zimeshuka, hakuna anayemkatiza mwenzake. Hildy anampa sigara, naye anaipokea kisha anamrudishia kwa kuwa havuti. Hildy anamwongoza polepole kwenye jambo alilolisikia kwa wahubiri wa siasa bustanini, kwamba kila kitu hutengenezwa ili kitumike, na kutoka hapo kwenye bunduki. Ni mahojiano mazuri, na pia ni hila, maana mwandishi anampa mhojiwa maneno ambayo atayatumia katika habari yake. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, nami sidhani filamu inatuambia tuchague.

Halafu tazama wanavyomfanyia Mollie Malloy, mwanamke maskini aliyemwonea huruma Williams na ambaye magazeti yamempamba kuwa mpenzi wake. Anaingia chumbani kuwalalamikia, nao wanamdhihaki. Hildy anamtoa nje, na chumba kinanyamaza. Hakuna simu, hakuna karata, wanaume wazima wanaangalia chini. Pima ukimya huo kwa saa yako. Ni wa sekunde chache, lakini kwa kuwa umezungukwa na kelele unaonekana mrefu. Hildy anarudi na kuwaita waungwana wa magazeti, kwa sauti ambayo huwezi kuiita ya kufoka, na inawachoma kuliko kufoka.

Baadaye Mollie anajirusha dirishani ili kuwavuta waandishi mbali na dawati alikofichwa Williams. Hapo, kwa maoni yangu, filamu inateleza. Anaonekana bado yu hai, watu wanakimbilia chini, na baada ya hapo karibu asahaulike kabisa, kwa sababu mtambo wa vichekesho unahitaji kuendelea kuzunguka. Wapo watakaosema usahaulifu huo ndio hoja yenyewe. Jadilianeni darasani.

Hatua ya nane: Waandae watazamaji kwa yaliyopitwa na wakati

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kuna maneno ya dharau kwa watu Weusi katika vinywa vya waandishi, na upo mzaha juu ya neno albino ambao Louie haelewi maana yake na kudhani linahusu mtu wa nchi ya kigeni. Kwa hadhira ya Tanzania hasa, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, mzaha huo hauwezi kupita kimya kimya. Utajwe kabla ya taa kuzimwa. Vile vile Walter anamburuza Hildy mpaka mwisho, na katika dakika ya mwisho kabisa, wakienda fungate iliyogeuzwa kuwa safari ya kikazi ya kuripoti mgomo huko Albany, Hildy ndiye anayebeba sanduku. Wanafunzi wangu wa kike na wa kiume hawajawahi kukubaliana kama sanduku hilo ni kushindwa au ni chaguo.

Hatua ya tisa: Andika ukurasa wako

Sasa funga filamu. Chukua chumba cha habari unachokifahamu na usijaribu kuleta Chicago. Chagua saa moja ya kugonga ukuta, yaani muda wa ukurasa kufungwa, na watu watatu ambao kila mmoja anataka kitu tofauti kabla ya saa hiyo. Weka mikwaju mahali pa kukatizana, na mito ya maneno mwanzoni mwa kauli. Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya zoezi. Ni saa mbili na dakika ishirini usiku, Dar es Salaam. Mhariri wa zamu yuko kwenye simu na mwandishi aliyeko kwenye mkutano na waandishi hotelini, na msanifu kurasa amesimama nyuma yake.

MHARIRI: Sasa sikiliza, mdogo wangu, mimi sitaki maelezo, nataka aya / tatu tu.

MWANDISHI: Ndiyo, bosi, ndiyo, mkutano umekwisha, ila bado hatujaruhusiwa / kuondoka.

MHARIRI: Amewazuia nani? Polisi?

MWANDISHI: Hapana, bosi, siyo polisi, ni yule dada wa / bahasha.

MSANIFU: Samahani, dada, ukurasa una shimo, niweke tangazo la magodoro au / nisubiri?

MHARIRI: Subiri. Ana bunduki?

MWANDISHI: Ana orodha.

MHARIRI: Haya basi, haya, mheshimiwa amesema nini?

MWANDISHI: Amesema, bosi, kwamba safari hii rushwa / itakomeshwa.

MSANIFU: Magodoro yanaenea vizuri, dada.

Mwandishi hapo hatanii. Ameulizwa swali na amejibu kwa uaminifu, na msanifu anazungumzia upana wa tangazo. Sasa jaribu kumpa mmoja wao kauli ya kejeli kuhusu bahasha ya fedha wanayopewa waandishi, umsomee mtu asiyejua kazi hii, kisha umsomee tena bila kauli hiyo. Angalia uso wake mara zote mbili.

Ukurasa wako usomwe na watu watatu tofauti na wewe, kwa sauti, wakiwa wamesimama, nawe ukiwa na saa mkononi. Usisome nafasi yoyote wewe mwenyewe, kwa sababu mtunzi hulisoma shimo kana kwamba limejaa. Rudieni mara kadhaa, na kila mara uandike pembeni idadi ya sekunde. Muda ukipungua kadiri wanavyozoea, mikwaju yako imekaa mahali pake. Muda ukibaki ule ule, yupo mhusika ambaye hana haraka ya kitu chochote. Mrudishe kwenye ramani yako ya safu tatu na umpangie saa.